KUMTAZAMA MTU SI KUMFAHAMU

(Hotuba iliyosomwa katika mafunzo ya wajumbe wa kazini)



Najua kwamba wengine kati yenu mmetoka zamu ya usiku na hamjapata usingizi, kwa hiyo sitazunguka sana. Katika mafunzo haya mmekwisha kusikia habari za mapatano na waajiri, habari za michango, na habari za sheria. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo halimo katika daftari za chama, lakini limo katika kila kazi ya mjumbe tangu asubuhi hadi jioni. Jambo lenyewe ni hili: watu wawili wakizungumza, kila mmoja humwonaje mwenzake, na humfahamu kwa njia gani?

Pengine mtu atauliza, "Je, hayo ni mambo ya chama?" Naam, ni mambo ya chama. Mfanyakazi hafukuzwi kwa ajili ya alilolitenda tu. Mara nyingi hufukuzwa kwa ajili ya vile alivyoonekana alipokuwa akijieleza. Na mjumbe anayeingia ofisini kumtetea mwenzake, huku yeye mwenyewe moyoni amekwisha kumhukumu, amempoteza mtu huyo kabla mlango haujafunguliwa.

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Sisi twaona mlango tu, yaani uso, sauti, mavazi na jina. Kisha twakisia vyumba vilivyomo ndani, na baada ya kukisia twasahau kwamba tulikisia. Twasema, "Mimi namjua yule." Kumbe tulilolijua ni kidogo, na yaliyosalia tumejijazia wenyewe.

1. Neno linalotangulia

Mwaka 1946 mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Solomon Asch, aliwasomea wanafunzi wa chuo orodha fupi ya sifa za mtu wasiyemjua. Kundi moja liliambiwa kwamba mtu huyo ana akili, ni stadi, ana bidii, ni mkunjufu, ana nia thabiti, ni mtu wa vitendo na mwangalifu. Kundi la pili lilisomewa maneno yale yale, ila badala ya "mkunjufu" liliambiwa kwamba mtu huyo hana ukunjufu. Kisha wakaulizwa, mtu huyu ni mkarimu au si mkarimu? Katika kundi la kwanza, karibu 9 katika kila 10 walisema ni mkarimu. Katika kundi la pili hawakufika hata 1 katika 10. Hakuna aliyekuwa ameambiwa lolote juu ya ukarimu. Neno moja tu lilibadilisha mtu mzima.

Kabla ya hapo, mwaka 1920, mtaalamu mwingine wa Marekani, Edward Thorndike, alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa alama askari walio chini yao. Aliona kwamba askari aliyepewa alama nzuri kwa umbo la mwili alipewa pia alama nzuri kwa akili, kwa uongozi na kwa tabia. Sifa moja ilikuwa kama taa inayomulika sifa nyingine zote, na ila moja ilikuwa kama kivuli kinachozifunika.

Sasa tuyalete mambo haya kazini kwetu. Nyapara akija kwako asubuhi na kusema, "Kuna yule kijana mkorofi, nataka kumpeleka ofisini," tayari neno "mkorofi" limekwisha kuingia masikioni mwako. Kijana akija akiongea kwa sauti kubwa, utasema ni ukorofi. Akinyamaza, utasema ni kiburi. Akicheka, utasema ana dharau. Lolote atakalolifanya litatiwa ndani ya kapu lile lile.

Wazee wetu waliijua habari hii kupita sisi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya kuchukua kipande, chenye alama za vidole, tarehe ya kuingia kazini, mshahara, na sahihi ya mwajiri wakati wa kuacha kazi. Mtu asiyekuwa na sahihi ya kuachwa hakuweza kuandikwa mahali pengine kwa halali. Mwajiri mpya hakumtazama mtu kwanza. Alitazama karatasi, na karatasi ndiyo iliyomwambia mtu huyu ni nani. Kipande kimekwisha, lakini faili ipo. Barua ya onyo iliyoandikwa miaka mitatu iliyopita husomwa leo kabla mfanyakazi hajafungua kinywa. Mjumbe mwema huuliza, "Faili hii aliiandika nani, na mfanyakazi alipata kujibu?"

2. Adabu ya mmoja ni kosa kwa mwingine

Ndugu zangu, sisi katika nchi hii tumetoka makwetu mbali mbali, na kila mtu amekuja na malezi yake. Kwa wengi wetu, mtoto alifundishwa kutomkazia macho mkubwa anapokaripiwa. Huinamisha uso, na hiyo ndiyo heshima. Lakini meneja aliyefundishwa kwamba mtu mkweli humtazama mwenzake usoni, anapomwona mfanyakazi ameinama husema moyoni, "Huyu ana hatia." Heshima imegeuka kuwa ushahidi.

Chukueni neno "ndiyo". Nyapara anasema, "Umeelewa?" Mfanyakazi anajibu, "Ndiyo, bwana." Huenda maana yake ni, "Nimekusikia." Huenda maana yake ni, "Sitaki kukutia aibu mbele ya watu kwa kusema hukueleza vizuri." Nyapara yeye ameandika katika daftari kwamba mtu huyu alikubali. Baadaye mashine ikiharibika, "ndiyo" ile hutolewa kuwa hoja.

Chukueni salamu. Kuna mtu ambaye hawezi kuanza shauri bila kuuliza habari za nyumbani, za watoto, na za kazi. Kuna mwingine ambaye huingia na shauri lake moja kwa moja. Wa kwanza humwona wa pili kuwa mkali asiye na adabu, na wa pili humwona wa kwanza kuwa mjanja anayezunguka zunguka. Wote wawili wana adabu, ila hawakulelewa katika baraza moja.

Siku hizi tena zimeongezeka habari fupi za simu. Katibu anaandika, "Nimepata." Anayesoma hasikii sauti wala haoni uso. Akiwa na wasiwasi siku hiyo, neno hilo atalisoma kwa hasira ambayo mwandishi hakuwa nayo. Neno lisilo na sauti, msomaji hulitia sauti yake mwenyewe. Kwa hiyo shauri zito msilimalize kwa simu. Mwendeeni mtu.

3. Mwenye kuuliza na mwenye kuulizwa

Jambo la tatu nataka mlishike sana, kwa maana linahusu kikao cha nidhamu.

Mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walitangaza habari ya jaribio waliloliongoza. Waliwachukua wanafunzi wawili wawili, wakapiga kura. Aliyeangukiwa na kura ya kuuliza aliambiwa atunge maswali 10 magumu kutoka katika mambo anayoyajua yeye mwenyewe. Mwenzake alitakiwa ayajibu. Kwa kawaida aliyejibu alipata kama 4 tu katika 10. Mwishoni waliulizwa, ni nani kati yenu mwenye elimu zaidi? Wale waliojibu walisema kwamba waliowauliza ndio wenye elimu zaidi, na watu waliokuwa wakitazama walisema vivyo hivyo. Wote walijua kwamba ilikuwa kura tu. Wote walijua kwamba muuliza maswali amechagua mambo yake mwenyewe, na kwamba kura ingaliangukia upande wa pili mambo yangaligeuka. Hata hivyo walisahau kura, wakamwona mtu.

Sasa tazameni ofisi. Meneja amekaa juu ya kiti chake, ana faili mbele yake, na maswali ameyaandika tangu jana. Mfanyakazi ametolewa kwenye mashine, mikono ina mafuta, hajui ameitiwa nini. Anaulizwa, "Kanuni ya kumi na nne yasemaje?" Hajui. "Tarehe tisa ulikuwa zamu gani?" Anasitasita. Wote waliomo chumbani, pamoja na mjumbe asiye mwangalifu, wanamwona ni mjinga au mwongo. Lakini mtu yule anajua mashine yake kwa sauti tu, anajua ni siku gani ilianza kulia vibaya, na anajua alimwambia nani. Hayo hakuna aliyemwuliza.

Basi kazi ya mjumbe ni kuyageuza maswali. Na sheria iko pamoja nasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utovu wa nidhamu, au utendaji mbaya, au kutokuwa na uwezo wa mwili, mwajiri hana budi amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu. Tena mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama wa hapo kazini, amchaguaye mwenyewe, na mwajiri ni lazima asikilize maneno yao na kuyafikiri. Tazameni vizuri maneno hayo, "kwa lugha anayoifahamu." Msione haya kusema, "Bwana, tunaomba mashtaka haya yaelezwe kwa Kiswahili." Kisha ulizeni nyinyi: Mashine hii ilikaguliwa mara ya mwisho lini? Nani aliambiwa? Zamu hiyo ilikuwa na watu wangapi? Hapo mtaona mtu aliyeonekana mjinga akianza kunyoosha mgongo.

4. Twamlaumu mtu, twasahau hali yake

Kosa la nne ndilo kubwa kuliko yote. Sisi wenyewe tukichelewa, twasema, "Gari liliharibika." Mwenzetu akichelewa, twasema, "Ni mvivu." Letu twaliona kuwa ni la hali, lake twaliona kuwa ni la tabia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Historia ya nchi yetu ina mfano ulio wazi. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, Serikali ya kikoloni ilikuwa na karatasi mbili zilizochapishwa mwaka huo huo. Ya kwanza ilikuwa ya daktari J. C. Carothers, ambaye alikuwa amesimamia hospitali ya Mathari. Yeye alitakiwa aeleze kisa cha Mau Mau, naye akakaza zaidi kutafuta asili yake katika akili na tabia ya Mkikuyu, kama kwamba ni ugonjwa wa nafsi. Karatasi ya pili ilikuwa ripoti ya kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter, mkuu wa idara ya kazi. Kwa miaka mingi waajiri walikuwa wamesema kwamba Mwafrika hatulii kazini kwa sababu ndivyo alivyoumbwa: akifanya kazi miezi michache hutaka kurudi kwao. Kamati ya Carpenter ilitazama mshahara. Iliona kwamba mshahara ulihesabiwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala watoto, na kwamba sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mijini hawakupata hata wa kutosha mahitaji ya lazima. Mtu wa namna hiyo ataliletaje jamaa lake mjini? Atatuliaje? Kamati ikasema mshahara wa chini upandishwe hatua kwa hatua mpaka ufae mtu na jamaa yake.

Karatasi ya kwanza ilitazama ndani ya kichwa cha mtu. Ya pili ilitazama ndani ya mfuko wake. Lile lililoitwa "tabia ya Mwafrika" lilikuwa, kwa sehemu kubwa, hesabu ya shilingi.

Lakini, ndugu, tusiwacheke wakoloni huku sisi twafanya yale yale. Tuseme kuna mama mmoja kiwandani amechelewa mara tatu katika mwezi. Nyapara ameandika, "Hajali kazi." Wenzake wanasema, "Tangu apate cheo kidogo amekuwa na maringo." Mjumbe mmoja tu anakwenda kumwuliza. Anaambiwa kwamba zamu ya asubuhi ilirudishwa nyuma, badala ya kuanza saa moja sasa inaanza saa kumi na mbili, na jirani anayemshikia mtoto hafungui mlango kabla ya saa hiyo. Tena matatu za alfajiri ni chache, na njia haina usalama kwa mwanamke peke yake. Mbona hakusema? Kwa sababu nyapara ni mwanamume, na mama yule aliona aibu kueleza mambo ya nyumbani mbele ya watu. Sasa mjumbe ana shauri la kupeleka ofisini, nalo ni shauri la zamu, ambalo pengine linawagusa wanawake ishirini wengine. Kama angaliamini neno "hajali," angalipoteza mwanachama na shauri pia.

Na haki ni haki kwa wote. Meneja naye ni mtu. Meneja akikunja uso, huenda naye amepokea barua kali kutoka juu asubuhi ile. Mjumbe anayemwona kila meneja kuwa adui hatasikia siku ile meneja anapoachia mlango wazi. Sisemi mwamini kila neno. Nasema msikilizeni mpaka mwisho, kisha mpime.

5. Kanuni za mjumbe

Naomba mwandike kanuni hizi katika madaftari yenu.

Kwanza, tenga uliloliona na ulilolikisia. "Alirusha kitambaa chini" ni jambo lililoonekana. "Alikasirika kwa dharau" ni makisio. Katika taarifa ya kikao andika la kwanza, na la pili uliulize.

Pili, mwone mwenye shauri kabla ya kusikia sifa zake kwa watu wengine. Kama umekwisha kuzisikia, jiambie, "Haya ni maneno ya fulani, bado sijaona mimi."

Tatu, mrudishie maneno yake. Sema, "Kama nimekusikia vizuri, wasema kwamba…" Mwache akusahihishe. Mambo mengi huharibika kwa sababu kila mtu alidhani ameeleweka.

Nne, kabla ya kuuliza "Ni mtu wa namna gani?", uliza "Alikuwa katika hali gani?" Uliza zamu, vifaa, idadi ya watu, afya, na safari ya kutoka nyumbani.

Tano, kimya kipe nafasi. Mtu mwenye hofu hahitaji swali jipya kila nukta. Kaa naye, mpe maji, ngoja.

6. Sisi kwa sisi

Sasa nafika mwisho, na hapa nataka kusema wazi. Mahali pa hatari kuliko ofisi ya meneja ni ndani ya chama chenyewe. Mtu akisimama kugombea ukatibu wa tawi, swali la kwanza lisemwalo kwa sauti ya chini ni, "Jina lake la pili ni nani?" Jina likitajwa, watu hudhani wamekwisha kumjua: ataiba, atapendelea watu wa kwao, ataleta fujo. Hakuna aliyeuliza alifanya kazi gani tangu aingie chama.

Kumbukeni waliotutangulia. Januari 1947 zaidi ya watu 10,000 waliacha kazi Mombasa, makuli wa bandarini, watu wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, wenyeji wa pwani pamoja na watu wa bara. Mei 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha pamoja shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Makhan Singh alikuwa Kalasinga mwenye kilemba, mzaliwa wa Punjab. Siku zile desturi ya ukoloni ilimfundisha Mwafrika kwamba Mhindi ni mwenye duka tu, na ilimfundisha Mhindi kwamba Mwafrika ni mtumishi tu. Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, mtu huyo alitoa wito wa kutaka uhuru wa nchi hizi. Mei wote wawili wakakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961, zaidi ya miaka kumi na mmoja. Wafanyakazi wale waliona kilemba kama watu wengine walivyokiona. Lakini walikuwa wamefanya kazi naye na kumsikiliza, nao wakampima kwa matendo yake.

Basi, ndugu wajumbe, mnaporudi katika matawi yenu, kila mmoja amchague mtu mmoja kazini ambaye huwa anasema, "Yule mimi namjua." Aende akakae naye saa ya chakula, amwulize habari zake, na asikilize bila kumkata maneno. Nadhani wengi mtarudi na habari ambazo hamkuzitazamia. Na siku mtu huyo atakapoitwa ofisini, mjumbe atakayesimama kando yake atakuwa anamtetea mtu anayemfahamu.

Umoja ni nguvu.